Simba abaki nyumbani, Popi aje: kupiga kambi Iringa na watoto na mbwa

Swali: Daktari, shikamoo. Nakuandikia kutoka Kibaha. Likizo ya Juni mimi na mama watoto tunataka kuwapeleka watoto wetu (miaka 12, 8 na 4) Nyanda za Juu Kusini, tulale kwenye mahema badala ya gesti. Tuna mbwa wawili. Simba ni dume wa miaka sita, chotara wa German Shepherd, mlinzi wa nyumba. Popi ni jike wa kienyeji, ana miaka miwili, na watoto hawabanduki kwake. Tungependa wote waende. Tumepanga siku nane: Mikumi, Iringa, Kitulo, tumalizie Matema. Gari letu ni Toyota Noah, na jamaa yangu yuko tayari kutuazima karavani yake ya kuvuta. Inawezekana? Mbwa waandaliwe vipi? Na binti yangu mdogo anauliza kama Popi ataruhusiwa kulala ndani ya hema.

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Inawezekana, na umefanya vizuri kuuliza mapema badala ya kuuliza wiki ya safari. Ila kwa ratiba hiyo haitawezekana, na kati ya mbwa wako wawili mimi ningemchukua mmoja. Simba abaki Kibaha.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo litakalowauma watoto, na ni heri walijue sasa. Nimetibu mifugo na mbwa mkoani Iringa kwa miaka kumi na tisa, na familia yangu hupiga kambi karibu kila mwaka. Jambo nililoliona mara nyingi ni hili: mbwa aliyefundishwa kulinda ua hajui kwamba yuko likizo. Mtakaposimamisha hema, yeye atapageuza hapo pawe ua wake. Na kambi za huku ziko ndani ya mashamba na vijiji vya watu. Alfajiri kijana anakatiza na ndoo ya maziwa, mama analeta kuni mlizoagiza, askari wa usiku anazunguka na tochi saa nane, watoto wa jirani wanakuja kuchungulia hema. Simba amekula ugali wenu miaka sita kwa kazi ya kumzuia mtu wa namna hiyo hiyo. Mbwa wengi waliouma watu kambini, ambao niliitwa kuwaangalia, hawakuwa wakorofi. Walikuwa wanafanya kazi yao mahali pasipo pao. Ukimfunga mnyororo siku nane mfululizo mahali pageni atabweka hadi akauke sauti, na ninyi hamtalala. Mwacheni kwenye banda lake, ndugu anayemfahamu aje kumlisha, na nyumba nayo isikae bila mlinzi.

Popi ni habari nyingine. Jike wa kienyeji wa umri huo, aliyekulia mikononi mwa watoto, huzoea mahali papya kwa siku moja au mbili. Anahitaji kola ngumu iliyoandikwa namba yako ya simu, kamba ya mita mbili ya kutembelea na nyingine ndefu ya kumfungia kambini, bakuli lake mwenyewe na blanketi lake.

Sasa njia. Hifadhi za taifa zote zimefungwa kwa mbwa: Mikumi, Ruaha, Udzungwa na Kitulo. Nimewasikia watu wakilalamika kwamba huo ni usumbufu tu, mbwa wao ni msafi na amechanjwa. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walishambuliwa na distempa, ugonjwa wa virusi unaohusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani, na takriban theluthi moja yao wakafa. Simba wa porini, ndugu yangu, kwa ugonjwa ambao kwa mbwa wetu tunauzuia kwa sindano. Huku kwetu, eneo la Ruaha ni moja ya ngome muhimu za mbwa mwitu waliobaki Afrika, na mbwa mwitu ni dhaifu zaidi kwa distempa na kichaa kuliko simba. Ndiyo maana mimi mwenyewe, mwenye mbwa na mwenye dawa, siombi kamwe mlangoni nipitishwe.

Kupita Mikumi kwa barabara kuu na Popi akiwa ndani ya gari ni sawa. Barabara inaikata hifadhi kwa takriban kilomita 50. Mpeni nafasi ya kujisaidia Doma, kabla hamjaingia, halafu asishuke tena mpaka Mikumi mjini. Asishuke hata dakika moja, hata kama mtoto naye anataka kushuka. Tembo na simba hawana ratiba, nyani waliozoea kulishwa na wasafiri hawana adabu, na mbwa akiwaona nyani anaweza kuruka dirishani. Kwa hiyo vioo vifungwe. Sababu ya pili ya kufunga vioo watu wengi hawaifikirii: mbung'o. Inzi huyu hufuata gari linalotembea akidhani ni mnyama, na kuumwa na mbung'o mwenye vimelea kunamletea mbwa nagana. Kwa ng'ombe nagana hukokota miezi. Kwa mbwa huenda haraka: homa, uso kuvimba, fizi kuwa nyeupe, na macho yanayoingia ukungu wa bluu kama ya kikongwe. Nimewaona mbwa wawili wa namna hiyo waliotoka bonde la Pawaga, na nilimwokoa mmoja. Ukishapanda nyanda za juu kwenye baridi, mbung'o hayupo, kwa hiyo hatari hiyo iko njiani zaidi kuliko kambini.

Kitulo iacheni kwa safari nyingine bila mbwa. Na Juni si msimu wake hasa: maua yanayoipa jina la Bustani ya Mungu huchanua wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na usiku wa Juni kule juu, mita 2,600 na zaidi, nyasi huamka na barafu. Mtoto wa miaka minne kwenye hema hapo simshauri mtu. Matema ni pazuri mno, lakini kutoka Iringa mtakuwa mnasafiri siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, na mbwa pamoja na watoto wataingia maji ya Ziwa Nyasa yenye kichocho. Siku nane zitakuwa zimekwisha barabarani.

Karavani nayo mrudishie jamaa yako kwa shukrani. Noah ni gari jema la familia, ila halikutengenezwa kuvuta nyumba juu ya Kitonga. Mnaufahamu mlima ule: kona juu ya kona, ukuta upande mmoja na korongo upande wa pili, malori yanapanda kwa mwendo wa kinyonga, na likikwama moja foleni hukaa saa kadhaa. Kupanda mtachemsha injini. Kushuka, siku ya kurudi, ndiko kunakonitisha zaidi, kwa sababu breki za gari dogo lenye mzigo nyuma hupata moto na kuacha kushika. Hema mbili nzuri, moja ya wazazi na mdogo, nyingine ya wakubwa, zinawatosha.

Mimi ningepanga hivi. Ondokeni Kibaha saa kumi na moja alfajiri, mlale Iringa. Kesho yake msifanye haraka. Pandeni Gangilonga asubuhi, lile jiwe kubwa juu ya mji ambalo jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea, Popi akiwa kwenye kamba. Kisha fuateni barabara ya Mbeya. Isimila iko kama kilomita 20 tu kutoka mjini: nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, ndefu kuliko nyumba, na zana za mawe za watu wa kale zilizofukuliwa korongoni. Ni eneo la malikale, kwa hiyo mzazi mmoja abaki na Popi kivulini nje na mwingine ashuke na watoto, halafu mpokezane. Baada ya hapo tafuteni shamba lenye sehemu ya kambi kati ya Ifunda na Mafinga, au ndani Mufindi kwenye chai, mkae hapo usiku wanne au watano bila kuhama. Kisolanza, kama kilomita 50 na ushee kutoka Iringa, ni shamba la zamani ambalo wasafiri wa barabara hiyo wamelitumia miaka mingi, na yapo mengine. Popote mtakapochagua, pigeni simu kabla, na msiulize tu kama mbwa anaruhusiwa. Ulizeni kama wenyeji wana mbwa wao na kama wamechanjwa, kuku na kondoo wao wanalala wapi, na kama siku zenu kuna kundi lingine la wageni. Mwenyeji anayejibu maswali hayo bila kusita ndiye mwenyeji wenu.

Ulizeni pia kuhusu jiko la pamoja. Wafanyakazi na wageni wengine wanaweza kuwa Waislamu, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Hilo halihitaji mjadala. Popi asiingie jikoni wala asikaribie vyombo, na bakuli lake lioshwe kwenye ndoo yake, mbali na karo.

Kwa nini nang'ang'ania mahali pamoja? Kwa sababu mbwa hutulia akishajua harufu ya mahali, na kila mnapohama mnaanza upya. Watoto nao ni vivyo hivyo. Siku ya tatu shambani ndipo wa miaka minane anapojua jina la kila ndama.

Maandalizi yaanze mwezi mzima kabla, na hapa sina ulegevu. Chanjo ya kichaa cha mbwa: kama ya mwisho imepita mwaka, arudie sasa, kwa sababu chanjo huchukua wiki kadhaa kujenga kinga iliyokomaa. Nataka iwe na angalau siku 30 mwilini kabla ya safari. Pamoja nayo apate ile ya mchanganyiko inayokinga distempa na pavo, yaani virusi vya kuharisha damu, kwa sababu kambi yenye mbwa wageni ndiko pavo inakookotwa. Wiki mbili kabla, dawa ya minyoo yenye praziquantel ili itoe na tegu, na ya kuzuia kupe ianze siku mbili tatu kabla ya kuondoka. Kuhusu kupe nakuomba jambo moja kwa mikono miwili: usimwogeshe Popi kwa dawa ya josho la ng'ombe iliyopimwa kwa macho. Kila mwaka naletewa mbwa wanaotetemeka, wameduwaa, wanatokwa na udenda, kwa sababu mtu alimimina kifuniko kimoja zaidi. Nunua ya mbwa, yenye kipimo cha uzito wake, na umpime uzito kwanza.

Halafu nenda ofisi ya mifugo ya halmashauri yenu na kadi ya chanjo, uombe kibali cha kumsafirisha. Usafirishaji wa wanyama unasimamiwa chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, na karatasi hiyo pamoja na kadi huwaokolea muda mkisimamishwa njiani. Picha za karatasi zote ziwe kwenye simu mbili.

Siku ya safari alishwe kidogo usiku uliotangulia, asubuhi maji tu, maana kona za Kitonga hutapisha hata watu. Akae nyuma ya kiti cha watoto, kwenye blanketi, amefungwa kwa mkanda wa kifuani na si wa shingoni. Wekeni lita tano za maji kwa ajili yake peke yake. Bonde la Ruaha Mbuyuni mtalipita mchana, jua linawaka kwenye mibuyu, na hapo ndipo mtashawishika kusimama kula huku Popi akiachwa garini. Msifanye hivyo. Mbwa hana jasho kama letu, hujipoza kwa kuhema, na ndani ya gari lililofungwa juani hewa anayoihema ni moto. Nje kukiwa na nyuzi 30, nusu saa inatosha ndani kupita 40. Mmoja akae naye chini ya mti. Mkinunua gunia la vitunguu hapo, kama wote tunavyofanya, lifungeni na liwe mbali naye: kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu damu ya mbwa. Hii inahusu na kachumbari, na mchuzi mtakaotaka kumwagia kwenye ugali wake kambini. Ugali na dagaa waliochemshwa bila kitunguu unamtosha kabisa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, huvunjika kama sindano.

Mkishafika kambini, adui mkubwa wa familia yenu si mnyama yeyote. Ni baridi, na hasa kile ambacho watu hukifanya kuikimbia. Mafinga na Mufindi usiku wa Juni huteremka chini ya nyuzi 10, na mtu wa Pwani akishaisikia hiyo, anaingiza jiko la mkaa ndani ya hema, anafunga zipu, watoto wapate joto. Ndugu yangu, nisikilize kwa makini. Mkaa ulioshika vizuri, usiotoa moshi, bado unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo hujishika kwenye damu mahali pa oksijeni. Mtu hakohoi, hashtuki, anasinzia tu. Watoto wadogo na mbwa, kwa wepesi wa pumzi zao, ndio hutangulia. Huku kwetu habari za watu waliokutwa asubuhi wamekufa chumbani na jiko lao si ngeni, na chumba kina nyufa kuliko hema. Jiko likae nje, usiku kucha, hata kama limebaki majivu ya moto tu.

Baridi ya hema hutoka chini. Tandikeni mkeka, juu yake blanketi zito, ndipo godoro. Wavisheni watoto kofia na soksi kavu za kulalia tu. Jazeni maji ya moto kwenye chupa ngumu zenye kifuniko kizuri, zifungeni kwa taulo, mziweke miguuni. Moto wa kuota jioni uwe pale mwenyeji alipowaonyesha, mbali na misonobari. Juni majani ya misonobari yamekauka, na upande ule kuna misitu ya kupandwa kama Sao Hill ambayo cheche moja huitosha. Kuni nunueni kwa wenyeji.

Sasa kuku. Mwaka wetu wa kwanza kupiga kambi Mufindi tulimfungua mbwa wetu saa kumi na mbili asubuhi, anyooshe miguu, tukidhani kote kimya. Hazikupita dakika tano. Aliua kuku watatu wa mama mmoja jirani na kambi, mmoja akiwa analalia mayai. Tulikwenda na mke wangu, tukapiga hodi, tukasema kamwene, salamu ya huku, tukaeleza wenyewe kabla hajaambiwa na mtu, tukalipa kuku na mayai. Alipokea bila maneno makali. Lakini namkumbuka akiokota manyoya uani, moja moja, na watoto wake wamesimama mlangoni. Wale kuku ndio waliokuwa daftari na sare za shule. Tangu siku hiyo mbwa wetu hafunguliwi kamba nje ya nyumbani kwetu, na ningependa Popi naye asifunguliwe. Mbwa mpole kwa watoto si lazima awe mpole kwa kuku. Yakitokea, nendeni wenyewe, lipeni bei anayoitaja mwenye mali, na mwenyekiti wa kitongoji ajue kwamba mmeyamaliza.

Kamba inamlinda yeye pia. Pembezoni mwa mashamba ya viazi na nyanya kuna madimbwi yenye dawa ya kupulizia, kwenye vichaka kuna mitego ya waya ya paa, na nyoka aina ya moma hulala njiani akiota jua la asubuhi bila kusogea. Mbwa humkaribia kwa pua. Msiingie naye misitu ya hifadhi. Mbwa wa kienyeji msituni, kwa askari wa misitu, ni mbwa wa jangili, kwa sababu ndivyo wanavyowindwa minde na paa wa misitu ya Udzungwa na Rungwe. Ni misitu hiyo hiyo anamoishi kipunji, kima aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2005 na ambaye hayupo nchi nyingine yoyote duniani.

Jambo la kuumwa lazima watoto walijue kwa moyo kabla hamjatoka. Akija mbwa mgeni, hakuna kukimbia wala kupiga kelele. Simama kama mti, mikono kifuani, macho chini, ngoja apite. Wa miaka 12 amfundishe mdogo kwa mchezo, mara kumi, hapo uani kwenu. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, hata kidogo, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, mkitazama saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Msipake majivu, msingoje muone. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba. Kabla ya safari pigieni hospitali ya wilaya ya huko mnakokwenda muulize kama chanjo ipo, na kama haipo, ya jirani ni ipi. Ikitokea Popi ndiye aliyeuma, aliyeumwa aende hospitali kwa gharama zenu, na msikubali mtu yeyote amuue Popi kwa hasira. Afungwe, alishwe, aangaliwe siku 10 na ofisa mifugo. Akiwa mzima baada ya siku hizo, alipouma hakuwa na virusi mateni. Akiuawa siku ya kwanza, jibu hilo jepesi limepotea.

Kila jioni mkagueni kupe kabla giza halijaingia: ndani ya masikio, kati ya vidole, chini ya mkia, kwapani. Kupe avutwe kwa kibano, kishikwe karibu kabisa na ngozi, polepole na moja kwa moja. Mafuta ya taa na njiti ya moto humfanya kupe atapike ndani ya damu ya mbwa. Nguo za watoto mlizozianika nje zipigwe pasi mkirudi, zote hadi chupi, kwa sababu kuna inzi anayetaga kwenye nguo mbichi, na funza wake hujipenyeza kwenye ngozi ya mtu na ya mbwa. Na kitimoto, ambacho Mafinga mtakiona kila kona, kiive hadi ndani kusiwe na wekundu. Tegu wa nguruwe amesambaa katika mikoa hii yetu.

Mkisharudi Kibaha, mwangalieni Popi wiki tatu. Homa ya kupe hujificha kwa muda huo. Akikataa chakula siku mbili, akitoka damu puani, au macho yakiingia ukungu, mpelekeni kwa daktari, na neno la kwanza mlangoni liwe kwamba alikuwa Iringa na alipita Mikumi. Daktari wa Pwani asiyeambiwa hilo anaweza kutibu minyoo wiki nzima.

Namalizia na swali la binti yako. Mwambie ndiyo, Popi alale ndani. Mbwa aliyefungwa nje usiku mahali pageni hana pa kukimbilia mbwa wazururaji wakija, na manyoya yake mafupi hayaiwezi baridi ya Mufindi. Apanguswe miguu, alale mlangoni mwa hema la wakubwa, miguuni pa kaka wa miaka 12, na si usoni pa mdogo. Mdogo aje kumsalimia asubuhi. Blanketi la Popi lisifuliwe kabla ya safari. Lije hivyo hivyo na harufu ya nyumbani, maana usiku wa kwanza hiyo ndiyo itakayomlaza.